NDEGE NA ZIWA: ATHARI ZA KIJAMII NA KIUTAMADUNI ZA USAFIRI WA ANGA KATIKA BUKOBA NA MULEBA TANGU 1914

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi usafiri wa anga ulivyoingia katika maisha ya watu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, na mabadiliko ya kijamii na kiutamaduni yaliyofuata. Historia ya usafiri wa anga husimuliwa mara nyingi kama historia ya kufutwa kwa umbali. Insha hii inatoa hoja tofauti: katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, ndege haikulishinda ziwa, bali ililitegemea tangu mwanzo na inaendelea kulitegemea. Hoja hiyo inajengwa kwa kupitia vita vya 1914–1918, njia ya ndege ya himaya ya Uingereza ya 1931, msamiati wa Kiswahili, safari za raia baada ya 1946, mashambulizi ya 1978 na ajali ya 2022.

1.0 Utangulizi

Mji wa Bukoba umekaa ukingoni mwa ziwa, nyuma yake kukiwa na miinuko na mbele yake kisiwa cha Musira. Kusini mwake ipo Muleba, nchi ya iliyokuwa himaya ya Ihangiro na sehemu ya Kianja, yenye migomba, mibuni na visiwa kama Bumbire, Goziba na Ikuza. Kwa vizazi vingi, mtu aliyetaka kutoka katika nchi hii kwenda mbali alikuwa na njia mbili: kutembea kwa miguu au kuvuka maji. Katika simulizi za Wahaya, maji hayo na dhoruba zake yalikuwa milki ya Mugasha, na msafiri hakuyaingia bila hadhari.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: chombo kinachopita juu ya maji hayo kilibadili nini katika maisha ya watu hawa? Jibu la haraka lingekuwa kwamba kilileta kasi. Hata hivyo, kasi hiyo haikumfikia kila mtu kwa kipimo kimoja, na kwa miaka mingi ilipita pembeni. Kupitwa nako ni athari ya kihistoria, na kunastahili kuchunguzwa sawa na kufikiwa.

2.0 Vita na Anga, 1914–1918

Matumizi ya kwanza ya anga la Bukoba katika zama za ukoloni hayakuhusu ndege. Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo mjini humo, kilichopokea na kupeleka habari bila waya. Kituo hicho ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Waingereza kuushambulia mji tarehe 22 na 23 Juni 1915. Majeshi yao yalitoka Kisumu kwa meli za ziwani, yakateremka kaskazini mwa mji, yakapigana na kuuteka, kisha yakauharibu mnara na kuondoka baada ya mji kuporwa. Kwa wakazi, somo la tukio hilo lilikuwa la wazi: jambo la angani lilikuwa limewaletea vita vilivyopitia majini.

Siku 18 baadaye, upande wa pili wa koloni, ndege zilionyesha nguvu yake. Manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilikuwa imejificha katika mikono ya Mto Rufiji. Ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia ziliitazama kutoka juu na kuelekeza mizinga ya meli za Severn na Mersey, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani nao walikuwa na ndege moja Dar es Salaam, ya rubani Bruno Büchner, ambayo jeshi la koloni liliichukua vita vilipoanza Agosti 1914, lakini haikudumu kazini. Kwa hiyo, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, ndege ilianza kujulikana kama jicho la vita kabla ya kujulikana kama chombo cha safari.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika matukio yote mawili anga na maji havikutengana. Mnara wa Bukoba ulifikiwa kwa meli, na ndege za Rufiji zilifanya kazi kwa ajili ya mizinga ya meli.

3.0 Njia ya Himaya na Mwambao Uliopitwa, 1919–1937

Baada ya vita, Uingereza ilitaka kuunganisha Cairo na Cape Town kwa njia ya anga. Kuanzia 1919 vilitayarishwa viwanja vya kutua katika safu ndefu iliyopita Kisumu, Mwanza na Tabora. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya Waafrika waliokata miti, kung'oa visiki na kusawazisha vichuguu vya mchwa. Majina ya marubani yamehifadhiwa vizuri. Majina ya waliofyeka hayakuandikwa. Huo ni upungufu wa kumbukumbu unaopaswa kutajwa kila tunaposoma masimulizi ya ushujaa wa wakati huo.

Majaribio ya kwanza yalionyesha jinsi vyombo hivyo vilivyokuwa dhaifu. Ndege aina ya Vickers Vimy, iliyogharimiwa na gazeti la The Times na kumchukua mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, ilianguka Tabora tarehe 27 Februari 1920. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand walifika Cape Town tarehe 20 Machi 1920, lakini kwa ndege ya tatu, baada ya mbili za kwanza kuharibika njiani. Alan Cobham alipita Kisumu na Tabora katika safari yake ya 1925–1926. Mswisi Walter Mittelholzer, katika safari ya 1926–1927 kutoka Zürich hadi Cape Town, alitumia ndege ya kutua majini, akayafanya maziwa makuu ya Afrika kuwa viwanja vyake.

Uchaguzi huo wa Mittelholzer ulikuwa na mantiki iliyokuja kutumiwa na kampuni ya Imperial Airways. Uwanja wa nchi kavu ulihitaji kufyekwa, kusawazishwa na kutunzwa kila msimu wa mvua. Ziwa halikuhitaji hayo. Tarehe 28 Februari 1931 ilianza safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na sehemu ya kusini ya Khartoum ilihudumiwa na ndege za majini aina ya Short Calcutta, zilizotua Port Bell, Kisumu na Mwanza. Ziwa Victoria likawa, kwa maana halisi, uwanja wa ndege wa himaya.

Bukoba haikuwamo katika orodha ya vituo hivyo. Tukitazama ramani, mji ulikuwa kati ya Port Bell kaskazini na Mwanza kusini, lakini njia ilipita mashariki ya ziwa. Sababu zinaweza kusomwa katika jiografia na uchumi wa wakati huo. Kisumu ilikuwa na reli tangu 1901, na Mwanza iliunganishwa na Tabora kwa reli mwaka 1928. Bukoba ilikuwa na kahawa nyingi lakini haikuwa na reli, na ghuba yake ilikuwa wazi kwa upepo wa ziwani. Ndege ya himaya ilifuata mahali ambapo reli na maji vilikutana.

Matokeo yake kwa watu wa Bukoba na Muleba yalikuwa kinyume cha matarajio. Ndege haikupunguza umuhimu wa meli, iliuongeza. Barua ya kutoka Kamachumu au Rubya iliyotakiwa kuiwahi ndege ilipaswa kwanza kuiwahi meli. Mfanyabiashara wa kahawa, padri na karani wa serikali wote walihesabu siku zao kwa ratiba mbili, na ile ya ziwani ndiyo iliyotangulia.

Hata heshima ya Mwanza haikudumu. Njia iliporefushwa hadi Cape Town Januari 1932, ilitoka Kisumu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, ikaiacha Mwanza pembeni baada ya muda usiotimia mwaka mmoja. Mwaka 1937, ndege kubwa za majini za himaya zilipoanza kwenda Durban, njia yake ilitoka Kisumu kwenda pwani: Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Hivyo mwambao wote wa Tanganyika katika Ziwa Victoria ulipata fundisho ambalo lingerudi mara nyingi baadaye: njia ya anga huchorwa na mwenye fedha, na inaweza kufutwa kwa kalamu ileile. Reli haing'olewi kwa urahisi. Kituo cha ndege ya majini huondoka pamoja na ndege yenyewe.

4.0 Chombo Kipya Katika Lugha

Athari ya kiutamaduni iliyodumu kuliko njia zote hizo imo katika lugha. Kiswahili kilikuwa na neno la mkopo, eropleni, ambalo limehifadhiwa katika kamusi. Lakini wasemaji walichagua neno ndege. Uchaguzi huo ulikuwa na maana zaidi ya kufananisha mabawa. Katika Kiswahili cha zamani, ndege ilimaanisha pia ishara ya bahati: msafiri aliweza kusema amepata ndege njema au ndege mbaya. Chombo kipya kikaingia katika neno lililokwisha kubeba mawazo ya safari na majaaliwa.

Sarufi nayo ilifanya kazi yake. Ndege mwenye manyoya hufuata upatanisho wa viumbe hai: ndege ameruka. Ndege ya chuma hufuata upatanisho wa vitu: ndege imeruka. Umbo la neno halikubadilika, lakini silabi moja ya kitenzi inamwambia msikilizaji kama kinachosemwa kina uhai au hakina. Kwa njia hiyo jamii ilikipokea chombo bila kukichanganya na kiumbe, kinyume na masimulizi ya wageni waliopenda kuwaonyesha Waafrika kama watu walioduwaa mbele ya mashine wasijue ni nini.

Maneno mengine yalitoka majini. Rubani alikuwa mtu anayekiongoza chombo cha baharini penye miamba na mikondo, kabla ya kuwa mwendeshaji wa ndege. Abiria, nauli na usukani vilihama kutoka melini hadi angani. Kutua lilikuwa tendo la mchukuzi anayeweka mzigo chini na la ndege anayeshuka mtini. Kwa wasemaji wa mwambao wa ziwa, ambao Kiswahili kiliwafikia kupitia biashara, shule, jeshi na magazeti kama Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, msamiati huu ulikuwa tayari kabla wengi wao hawajaiona ndege kwa karibu. Neno lilifika kwanza, chombo kikafuata.

5.0 Kufikika: Askari, Abiria na Marehemu, 1939–1977

Vita vya Pili vya Dunia viliwapa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki nafasi ya kuijua ndege katika kazi nyingine. Askari wa KAR waliopelekwa Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944 katika Bonde la Kabaw, mahali ambapo chakula na risasi viliangushwa kwa ndege kwa sababu barabara hazikupitika wakati wa masika. Kwa askari huyo, ndege ilikuwa mshambuliaji na mlishaji kwa pamoja. Waliorudi nyumbani walirudi na ujuzi huo, na hawakuwa tena watazamaji wa kutoka mbali.

Tarehe 1 Januari 1946 lilianza kazi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, likimilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo aina ya Dragon Rapide, baadaye likatumia DC-3. Ndege hizo za magurudumu hazikuhitaji maji ya kutulia. Zilihitaji ukanda wa ardhi tambarare. Katika Bukoba, ukanda huo ulipatikana ukingoni mwa ziwa. Hata hapo, ziwa lilibaki mwenyeji: upande mmoja wa njia ya kurukia ni mji na miinuko, na upande mwingine ni maji.

Safari za ndani zilipoifikia Bukoba, ziliingia katika jamii iliyokuwa na safari nyingi tayari. Wahaya walikwenda Uganda kwa kazi, biashara na elimu. Katika miaka ya 1930 safari za wanawake waliopanda meli kwenda Kampala na Nairobi zilizua mabishano makali, na wakuu wa jadi walijaribu kuzizuia. Meli, kwa ubaya na uzuri wake, ilikuwa chombo cha mtu wa kawaida: mwenye mkungu wa ndizi, mwenye mtoto mgongoni, na hata anayetoroka. Ndege ilikuwa na nauli kubwa na orodha ya majina. Ilileta tabaka jipya la wasafiri: maofisa, mapadri, wachungaji, madaktari, viongozi wa vyama vya ushirika na wanafunzi wachache wenye ufadhili. Kwa mara ya kwanza, watu wa kijiji kimoja waliweza kutofautishwa kwa muda wanaotumia kufika mahali pamoja.

Hata hivyo, tabaka hilo liliufungulia mwambao milango mikubwa. Laurean Rugambwa, aliyesoma katika seminari ya Rubya, alikuwa askofu wa Rutabo, katika Muleba ya leo, alipoteuliwa kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama za sasa mwezi Machi 1960. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba, aliliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Uongozi wa namna hiyo, wa mtu mwenye waumini wake katika migomba ya Kagera na vikao vyake Roma au Geneva, ulihitaji usafiri unaohesabiwa kwa saa. Ndege haikuwapa viongozi hao hekima yao, lakini iliwawezesha kuwatumikia watu wa mbali bila kuwaacha wa nyumbani.

Eneo jingine la mabadiliko ni mazishi. Kwa Mhaya, kibanja ni mahali pa kuishi na pia mahali pa kulala milele karibu na waliotangulia. Zamani, aliyefia mbali mara nyingi alizikwa huko huko. Ndege, na baadaye barabara za lami, zilifanya iwezekane kuurudisha mwili kutoka Dar es Salaam au ng'ambo kwa wakati. Kwa hiyo teknolojia mpya iliimarisha desturi ya kale. Papo hapo ilizua wajibu mpya wa gharama: ukoo ulioweza kumrudisha marehemu wake ulisifiwa, na usioweza ulibaki na huzuni mara mbili. Uwezo wa kufika ulikuwa umegeuka kuwa deni.

6.0 Sauti ya Hofu, 1978

Oktoba 1978 anga la Bukoba lilirudi kuwa uwanja wa vita. Tarehe 18 mwezi huo, ndege za kivita za Uganda aina ya MiG ziliushambulia mji kwa mabomu. Uharibifu wenyewe haukuwa mkubwa, lakini mishindo ilivunja vioo vya madirisha na kueneza taharuki. Siku chache baadaye majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na watu wengi wakakimbilia kusini.

Athari ya mashambulizi ya anga haipimwi kwa majengo pekee. Ndege ya kivita hufika kabla ya sauti yake kueleweka, na haitoi nafasi ya kujadiliana. Mwaka 1915 adui alionekana akija kwa meli. Mwaka 1978 alikuwa amekwisha pita. Vita vilipokwisha mwaka 1979, Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Jina la zamani lilikuwa la ziwa. Jipya ni la mto ulioukata uwanja wa mapambano. Katika ramani, kama katika kumbukumbu, vita viliacha alama kwa jina la maji.

7.0 Mitumbwi ya Novemba 2022

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ya Precision Air, ikitoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwemo watu 43. Waliokufa ni 19, wakiwemo marubani wote wawili, na walionusurika ni 24. Ndege ilikuwa karibu kabisa na njia ya kurukia, kiasi kwamba watu waliokuwa ufukweni waliiona.

Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi. Walikwenda kwa mitumbwi, na kijana mmoja miongoni mwao alitumia kasia kusaidia kuufungua mlango wa nyuma, ambako abiria wengi walitokea. Siku iliyofuata mji ulikusanyika katika Uwanja wa Kaitaba kuwaaga marehemu, na taifa likamtambua kijana huyo kwa kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Tukio hilo limeelezwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa, na ni haki kulieleza hivyo. Lakini mwanahistoria analiona pia kama ushahidi. Kwa miaka zaidi ya 90, tangu himaya ilipoligeuza ziwa kuwa uwanja, usafiri wa anga katika sehemu hii umekuwa ukitegemea maji bila kuwahesabu watu wa maji. Mitambo, vyeti na ratiba vilikuwa vya uwanja. Ujuzi wa kulisogelea jambo ziwani ulikuwa wa wavuvi. Siku ile ujuzi uliokuwa nje ya mfumo ndio uliofika kwanza, ukiwa na kasia tu.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba usafiri wa anga uliingia Bukoba na Muleba kwa kupitia ziwa: katika vita, katika njia za posta, katika msamiati na katika mahali palipowekwa uwanja. Ulileta kasi kwa wachache kabla ya wengi, ukaongeza umuhimu wa meli badala ya kuupunguza, ukaimarisha desturi ya kuzikwa kibanjani huku ukiifanya kuwa ya gharama, na ukaacha kumbukumbu ya hofu kwa kizazi cha 1978. Kwa mkazi wa Goziba au Ikuza, safari ya ndege bado huanza kwa boti.

Mambo mawili yanafuata kutokana na uchambuzi huu. Kwanza, masimulizi ya wazee wa Bukoba na Muleba kuhusu ndege za kwanza walizoziona, kazi ya kufyeka viwanja na siku za Oktoba 1978 yakusanywe sasa, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kwa kuwa maandishi ya kikoloni yaliwahifadhi marubani na kuwasahau wengine. Pili, uwanja wowote wa ndege ulio kando ya maji uwahesabu wavuvi wa jirani kuwa sehemu ya usalama wake: wafunzwe, wapewe vifaa, na waitwe mapema. Bukoba imekwisha kuonyesha nani hufika kwanza. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba wakati ujao anayefika kwanza hafiki na kasia peke yake.